Kanisa Tulilolipapasa

Jiwe lina sauti, vijana wangu. Kabla hujaliwekea patasi, ligonge kwa nyundo ndogo, kisha usikilize. Likilia kama kengele, ni zima. Likijibu kama mlango uliolowa mvua, lina ufa tumboni. Liache hata kama uso wake unapendeza. Nawaambia hivi kwa sababu nawaona mnavyochagua mawe siku hizi: kwa macho, kama mtu anayenunua viatu. Mnalipiga jiwe picha, mnamtumia fundi mwenzenu aliyeko Randburg, naye anajibu "sharp", yaani safi, basi jiwe limepanda ukutani.

Mimi nilifundishwa kusikiliza na mtu aliyeitwa Molefi. Sote tulimwita Ntate, ambalo ni neno la Kisotho la kumwita mtu baba. Alitoka Lesotho, akaja Johannesburg akiwa kijana, akakaa Alexandra, na kazi yake ilikuwa kukarabati makanisa ya zamani ya mawe. Mimi nilitoka Buyenzi, Bujumbura, nikiwa mkimbizi, na uashi nilioujua ulikuwa wa tofali za kuchoma tu. Jina langu ni Issa, Mwislamu mwana wa Mwislamu, na maisha yangu yote nimelishwa na makanisa. Mke wangu alizoea kuwaambia majirani hapa Yeoville: "Mume wangu haendi kanisani ila siku za kazi."

Wiki yangu ya kwanza Ntate alinipa ukuta mdogo nyuma ya kanisa moja nijaze viungo, yaani ile mianya kati ya jiwe na jiwe. Nilijaza kwa saruji, vizuri kabisa, nikapiga mstari ulionyooka kama uzi. Alikuja, akautazama. Akanipa patasi nyembamba, akaenda kunywa chai. Nilichimbua saruji yote niliyoiweka, na mikono ikavimba kama maandazi. Jioni ndipo akanieleza: jiwe la mchanga ni laini, na saruji ni ngumu kulishinda. Ukuta ukitaka kujinyoosha kwa jua na baridi, saruji inakataa, basi jiwe ndilo linalopasuka. Chokaa ni tofauti. Chokaa inakubali, inasogea kidogo, na ikichoka unaibadilisha bila kuliumiza jiwe. "Kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe," alisema. Andikeni hilo mahali, maana nimeona kazi zenu kule Rosebank, na sitataja majina.

Tulizungumza Kizulu chetu cha jukwaani, yaani pale juu ya mbao tunazosimamia kazini, kilichochanganyika na Kisotho na Kiingereza, na Kiswahili changu kilipenya humo taratibu. Baada ya miaka michache Ntate alikuwa akisema "polepole" na "haya twende" kama mtu wa Buyenzi. Mimi nikawa nashangaa kwa "eish" hata msikitini.

Sasa niwaambie habari ya safari, maana wajukuu wangu hawaiamini.

Tulikuwa tunakarabati kanisa moja la mawe si mbali na hapa. Paroko wake, Padri Etienne, alikuwa Mfaransa, na misa ya jioni aliisoma kwa Kifaransa kwa ajili ya Wakongo na Warundi wengi wa mtaa huu. Nilipenda kupiga naye gumzo, kwa sababu Kifaransa changu cha shule kilikuwa kimeanza kuota kutu. Alizaliwa karibu na abasia ya kale. Abasia ni nyumba ya watawa, nao wana kanisa lao, na lile la kwao lilijengwa mamia ya miaka kabla ya kuwepo mji unaoitwa Johannesburg. Kila alipotuona juu ya jukwaa alisema: "Laiti mngeliona." Mwisho wake aliwaandikia watawa wenyewe, nao wakajibu kwamba waashi wawili kutoka Afrika Kusini watapokewa kama wageni wao kwa wiki moja, chakula na malazi. Waumini wakachanga nauli.

Ntate alikataa mara tatu. Alisema ana kazi, ana mafua, na hapendi jibini. Nilidhani anaogopa ndege. Padri akamwambia: "Mnara wa kengele utatusubiri. Nendeni, mkirudi mtapanda." Ntate akakubali.

Kuna mambo ambayo ningepaswa kuyaelewa mapema. Mwaka ule alikuwa ameacha kutazama mwenyewe timazi, ule uzi wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Alikuwa ananiambia, "Soma wewe, Issa, useme imesimamaje." Viungo alivikagua kwa kidole gumba. Nami nilifurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba Ntate sasa ananiamini, ananikabidhi kazi. Nikatembea kifua mbele mtaa mzima.

Safari yenyewe siielezi sana. Nilikuwa na hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kila ofisa aliyeishika aliigeuza huku na huku kama mtu aliyeokota sarafu ya nchi asiyoijua. Tulifika. Kijiji kidogo, mashamba ya mizabibu, ng'ombe weupe, na katikati kanisa lile limekaa kama mnyama mkubwa aliyelala. Mtawa aliyetupokea alikuwa mzee mchangamfu. Nilimwambia mimi ni Mwislamu, nikamwuliza kama anajua kibla kiko upande gani. Hakushangaa hata kidogo. "Altare yetu inatazama mashariki," alisema. "Simama kama unaitazama, kisha geuka kidogo kulia. Nadhani hutakosea sana." Nilisali wiki nzima kwa kipimo hicho.

Mezani watawa hawasemi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakula. Ntate alifurahi mno. Aliniambia tulipotoka: "Hawa wangefaa jukwaani. Siyo nyinyi mnaopiga kelele kama ndege."

Asubuhi ya pili tukapelekwa kanisani. Wa kutuongoza alikuwa mwanamke wa pale kijijini, Madame Solange, mwalimu mstaafu aliyelisoma lile jengo miaka mingi. Yeye alitangulia kuwasha taa. Nje jua lilikuwa kali. Tuliposukuma mlango, giza la ndani lilitupokea pamoja na baridi yake, ile baridi ya jiwe nene mnayoijua mkiingia chini ya msingi. Ntate akasimama kizingitini. Akaweka mkono begani kwangu. Nikadhani ni heshima ya mahali.

Tukaingia polepole. Kando ya mlango, ukutani, kulikuwa na sanamu ya mbao ya mtakatifu fulani, kimo cha mtu mzima, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Ntate akavua kofia. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya adabu: "Bonjour."

Nilicheka. Nilidhani anatania, maana alikuwa mtani. Kisha akanyoosha mkono ili asalimiane nayo.

Nikaacha kucheka. Mkono wake ulibaki hewani, ukaigusa mbao, ukarudi. Akavaa kofia, akaivua tena, kwa kuwa tuko kanisani. Hakunitazama.

"Ntate," nilisema.

"Nyamaza."

"Ntate, tangu lini?"

Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye benchi la karibu, tukakaa. Madame Solange alikuwa mbali, upande wa altare, anahangaika na swichi. Ntate aliongea huku ameinamisha kichwa. Jicho la kulia lilianza kufifia kwanza, alisema, kama dirisha lenye mvuke asubuhi ya baridi. Baadaye la kushoto likafuata. Mchana wa jua anaona umbo la mtu, haoni uso. Kwenye jukwaa anahesabu mbao kwa miguu.

"Na mke wako anajua?"

"Anajua kwamba nimeacha kusoma gazeti. Anadhani nimechoka na siasa."

Nilitaka kucheka tena, sikuweza. Nilikuwa nafikiria mnara wa kengele. Kule nyumbani mafundi walikuwa wameshaufungia jukwaa mpaka juu, na wiki inayofuata sisi wawili ndio tuliotakiwa kupanda. Na mimi ndiye ningekuwa chini yake, nimebeba mawe, huku yeye anatafuta ubao kwa ncha ya kiatu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu siku moja mtakuwa nyinyi. Kumwambia mkubwa wako wa kazi kwamba asipande ni jambo gumu. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Nilipopata mtoto wa kwanza ndiye aliyenibebea magodoro kwa bakki, ile pikapu ya rafiki yake. Na mwaka mwingine, wageni walipokuwa wakifukuzwa na kupigwa hapa mjini, mimi na mke wangu tulilala nyumbani kwake Alexandra, na yeye akakaa mlangoni na kiti chake akimwambia kila aliyepita kwamba ndani wamo watoto wake. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje akae chini?

Nilimwambia hivyo hivyo. "Tukirudi hutapanda, Ntate."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe." Akasimama. "Mwashi asiyepanda ni nani? Niambie. Ni mlinzi wa mchanga."

Akaondoka. Hakujua anakwenda wapi, ila alinyoosha mkono mpaka ukuta ukampokea, akaufuata. Mimi nilibaki kwenye benchi nimejaa hasira na huruma, sijui kipi kilitangulia. Nilimwona anakwenda polepole kando ya ukuta, kiganja kimelala juu ya mawe, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Kidogo kidogo mwendo wake ukabadilika. Akawa anasimama. Anarudi nyuma jiwe moja. Anatumia vidole vyote, kisha kidole gumba peke yake. Akatoa mkono wa pili mfukoni.

"Issa," aliita, na mwangwi ukalibeba jina langu mpaka darini. "Njoo hapa. Leta huyo mama."

Tulikwenda. Alikuwa ameshika jiwe moja lililo usawa wa kifua. Alinichukua mkono, akaviweka vidole vyangu juu yake. "Patasi ilikwenda wapi?"

Nilisikia mikwaruzo midogo midogo, imelala mshazari. "Imeteremka kulia," nikasema.

"Na mawe mengine?"

Nikapapasa la jirani, na la chini yake. Yote yalilala upande mwingine.

"Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema Ntate. "Mwulize mama kama wanamjua."

Nikatafsiri. Madame Solange alifunika mdomo kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka kwa furaha. Wanamjua, alisema. Yeye mwenyewe alimgundua zamani kwa kumulika tochi ubavuni mwa ukuta, na tangu hapo kila mgeni anayependa mawe humwonyesha kazi zake. "Lakini hakuna mgeni aliyetangulia kunionyesha mimi," alisema. Akamshika Ntate mkono, bila kuuliza, akamwongoza nguzo hadi nguzo. Hapa yupo. Hapa hayupo. Hapa alichonga jani, angalia, mshipa wake umeanzia upande usiotarajiwa. Nami nikiwafuata nyuma natafsiri, Kifaransa hadi Kizulu, Kizulu hadi Kifaransa, na hapo katikati Kiswahili kikinitoka bila ruhusa. Alikuwepo pia mwingine aliyekuwa na haraka, mawe yake yamekwaruzwa ovyo, na Ntate akasema huyo bila shaka alikuwa na harusi wiki ile. Nilipomtafsiria Madame Solange, aliniambia atayachukua maelezo hayo na kuwapa wageni wake wote.

Walipofika katikati ya kanisa Ntate akasimama. Akainua uso juu.

"Sasa huko sifiki kwa mkono. Niambie kuna nini."

"Kuna dari," nilisema. "Ni refu sana. Linapendeza."

"Padri nimemwacha Johannesburg. Niambie kama mwashi."

Basi nikatazama upya, na niwaambie kweli, mpaka pale nilikuwa sijatazama. Nilimwambia kwamba nguzo zinapanda zikiwa pana, kisha zinagawanyika kama shina la mti linavyotoa matawi, na kila tawi linavuka kwenda kukutana na mwenzake wa upande wa pili. Kwamba matao ni ya mviringo huku mwanzoni, lakini kule karibu na altare yamechongoka juu, kwa hiyo waliokuja baadaye walijua jambo ambalo wa kwanza hawakulijua. Kwamba rangi si moja: mawe ya chini ni ya njano kama mkate, ya juu yameingia kijivu, nadhani walihama machimbo. Kwamba ukisimama mlangoni na kutazama moja kwa moja, kanisa halikunyooka. Limepinda kidogo kushoto.

"Limepinda kiasi gani?"

"Kama mtu aliyelala na kusahau mguu mmoja."

Alicheka kwa sauti, hata akatikisa mabega. Nikatafsiri swali lake: kwa nini limepinda? Madame Solange akasema wasomi wanabishana. Wengine wanasema ni ardhi, wengine wanasema waliojenga sehemu ya mwisho walipima vibaya, wakagundua wakiwa wamechelewa, wakaamua kuendelea.

"Wakaendelea," alirudia Ntate. "Na lipo."

Tulikaa wote watatu kwenye ngazi ya altare. Jua lilikuwa limehamia madirisha ya upande wa pili, na sakafu ilikuwa na vipande vya bluu na vyekundu. Nilimweleza vilipo, akaviwekea mkono wake juu ili nimwambie umekuwa rangi gani. Halafu, bila mimi kumwuliza, akasema: "Mwambie habari ya macho yangu. Ni mtu mzima, ataelewa."

Nikamwambia. Madame Solange hakusikitika kwa namna ile inayomdhalilisha mtu. Aliomba kuyatazama, akamgeuza Ntate kuelekea dirishani, akamkagua kwa karibu. Akasema mama yake mzazi alikuwa na weupe kama ule ule, kama maziwa yaliyomwagika kwenye mboni, na watu wote wa familia walidhani ndio uzee. Ulikuwa mtoto wa jicho. Alipasuliwa, na sasa anasoma gazeti na kugombana nalo kila asubuhi. Yeye si daktari, alisema, ila Ntate aende akaonekane, asikae akisubiri.

"Je, ikiwa ni chokaa?" aliniuliza Ntate kwa Kizulu, taratibu. "Chokaa iliyoniingia machoni miaka yote hii. Wataniambia ni chokaa, hakuna dawa, na wataniandika sifai."

"Basi angalau tutajua."

"Na kama ni huo mtoto wa jicho?"

"Basi tutajua pia."

Alifikiri. "Utanipeleka wewe. Usimwache mke wangu anipeleke, atalia kwenye foleni."

Siku zilizobaki tulishinda mle kanisani. Watawa walimwachia aguse kila kitu, isipokuwa michoro ya rangi, na hata hiyo mtawa wetu mzee alimsomea mstari kwa mstari. Tuliondoka na kipande cha jibini kikubwa ambacho Ntate alikikataa mezani wiki nzima na akakila chote ndani ya ndege.

Johannesburg tulikuta mnara unatusubiri. Ntate alikwenda mwenyewe kwa Padri Etienne, akamweleza yote amesimama, kofia mkononi. Sikuwepo. Padri aliniambia baadaye kwamba Ntate alimaliza kwa kusema: "Issa atapanda. Mimi nitakuwa chini, nasikiliza." Na kweli, alikaa chini kwenye kreti ya soda tuliyopewa na spaza, yaani duka dogo la jirani, akigonga kila jiwe kabla halijavutwa juu kwa kamba. Mawili aliyakataa. Nilimbishia moja, tukalivunja, ndani lilikuwa limeoza kama embe. Msinione najua kusikiliza. Nimejifunza kwa aibu kama hizo.

Hospitali ya serikali tulikwenda alfajiri, tukakaa kwenye foleni na chai ya chupa na mkate. Mwanamke mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa mbele yetu alikuwa msusi, naye pia anaumwa macho, na wakaanza kubishana na Ntate kipi ni kigumu, kichwa cha mteja au jiwe. Daktari kijana alimulika kwa taa yake, akasema neno lile lile la Madame Solange. Si chokaa. Ntate alimwambia arudie. Akarudia. Ikabidi tusubiri miezi kabla ya zamu yake, jicho moja kwanza, jingine baadaye.

Katika miezi ile mimi nilijenga tao la mlango wa pembeni wa kanisa letu. Lile la zamani lilikuwa limepasuka katikati. Ni tao la kwanza nililolijenga bila mtu kunisimamia karibu. Mbao za kulishikilia nilizitengeneza mwenyewe, na nilipozilegeza ili mawe yajibebe, nilitoka nje na kumwacha msaidizi wangu, mwanamke hodari anayeitwa Nomsa, azitoe, kwa sababu sikuthubutu kutazama. Akaniita: "Rudi, baba. Limesimama, halina haja nawe."

Jicho la pili lilipofunguliwa bandeji, Ntate alitaka apitishwe kanisani kabla ya nyumbani. Mke wake alikuwa naye safari hii. Alikuwa amelia vya kutosha. Teksi iliwashusha kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikawaona wanavuka, na yeye hakumshika mtu mkono. Alinitazama kwanza mimi. Alinitazama kwa muda.

"Kumbe una mvi," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Kisha akageukia tao. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, kichwa ameinamisha upande mmoja, kisha upande mwingine. Magari yalipita. Mimi nilisimama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilitaka aseme linapendeza. Nilitaka aseme chochote.

"Kiungo cha tatu kutoka kushoto," alisema. "Ni kinene."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Kilizidi wenzake unene wa ukucha, na kutoka pale barabarani hata mimi nilikuwa sijawahi kukiona. Mke wake akaanza kucheka, Nomsa naye juu ya ngazi akacheka, na mimi, vijana wangu, sijawahi kukosolewa kazi nikafurahi kiasi kile.

Nikachukua patasi nyembamba, nikapanda kukirekebisha. Nilipofika ubao wa pili nilisikia jukwaa linatikisika chini yangu, na sauti ya Ntate nyuma yangu ikisema nisogee, mbona nimeziba, hii ni njia ya watu.